Sifuri Katikati ya Maneno: Uchambuzi wa Stringi na Bafa za Lugha ya C

Kanuni rasmi ya lugha ya C, iliyotangazwa Marekani mwaka 1989, yasema kwamba stringi ni mfululizo wa herufi unaokoma kwenye herufi sifuri ya kwanza, na kwamba sifuri hiyo yenyewe ni sehemu ya mfululizo. Mtu akiipima kauli hii kwa makini ataona kuwa stringi yenye sifuri katikati haiwezi kuwapo hata kidogo, maana ilipo sifuri ya kwanza ndipo ulipo mwisho, na kinachofuata, hata kiwe kirefu na chenye maana kiasi gani, si stringi tena bali ni baiti zilizolala katika kumbukumbu bila mwenyewe. Walakini baiti ziingiazo katika programu kutoka katika faili, katika mtandao, au katika mkono wa mtu mwenye nia mbaya, hazikula kiapo cha kuitii kanuni hiyo; huja na sifuri mwanzoni, katikati na mwishoni, na mtunzi wa programu hana budi kuamua atazifanyaje. Makala haya yataka kulichunguza suala hilo tangu asili yake hadi dawa zake, na rai itakayotetewa ni hii: sifuri haina hatia, na madhara yaliyohusishwa nayo yametokana na jambo moja, nalo ni bafa moja kusomwa na wasomaji wawili ambao kila mmoja ana hesabu yake ya urefu.

Asili ya mapatano haya haikuwa uzembe, kama wadhanivyo baadhi ya wanaoyalaumu. Lugha ya BCPL, iliyobuniwa na Martin Richards wa Cambridge katika miaka ya 1960, iliweka hesabu ya herufi mwanzoni mwa kila stringi; Ken Thompson alipoizaa humo lugha ya B huko Bell Labs, Marekani, aliiacha hesabu akaweka alama maalumu ya kumalizia; naye Dennis Ritchie, alipoikuza B mpaka ikawa C mwanzoni mwa miaka ya 1970, alishika njia hiyo hiyo ya alama, ila alama yenyewe ikawa sifuri. Katika historia ya C aliyoiandika mwaka 1993, Ritchie alieleza kwamba sababu za kuiacha hesabu zilikuwa mbili: kwanza, nafasi ya biti 8 au 9 iliyobeba hesabu iliuwekea mpaka urefu wa stringi; na pili, kwa uzoefu wao, kuitunza hesabu kulikuwa na usumbufu kuliko kutumia alama. Tusisahau kwamba mashine yao ya kwanza ya PDP-11 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu, na mtu aliyebanwa kiasi hicho hawezi kulaumiwa kwa kuona choyo juu ya kila baiti.

Uteuzi wa sifuri nao ulikuwa na hoja yake. Katika mpango wa herufi wa ASCII, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, namba 0 ilipewa herufi isiyo na sura wala sauti, ambayo katika utepe wa karatasi ilikuwa ni mahali pasipotobolewa tundu hata moja, na mashine zilizokutana nayo zilipita bila kuchapa kitu. Ilikuwa busara, basi, kudhani kwamba hakuna maandishi ya binadamu yatakayoihitaji. Mwaka 2011 mhandisi wa Denmark, Poul-Henning Kamp, aliandika katika jarida la ACM Queue akiupendekeza uchaguzi wa alama badala ya hesabu uhesabiwe kuwa kosa la baiti moja lililogharimu kuliko makosa yote ya namna yake. Nayo ni hoja nzito, lakini yahukumu kwa macho ya watu wenye kumbukumbu tele jambo lililoamuliwa na watu waliokuwa na kidogo.

Tofauti ya njia hizo mbili yaweza kueleweka kwa mfano wa forodhani. Karani mmoja hupokea hati ya nahodha inayotaja idadi ya magunia yaliyomo jahazini, na akifika idadi hiyo hujua kuwa shehena imekwisha. Karani wa pili hana hati, ila ameambiwa kwamba gunia la mwisho ni jekundu, naye huhesabu mpaka alione. Kila mmoja peke yake aweza kuifanya kazi yake kwa uaminifu. Balaa huanza pale mtu anapopenyeza gunia jekundu katikati ya shehena, kisha karani wa kwanza akatoza ushuru kwa hesabu yake na karani wa pili akatoa kibali kwa hesabu yake, na hakuna aliyelinganisha madaftari.

Katika maktaba ya C makarani hawa wawili wanakaa chumba kimoja. Jamaa ya fanksheni zinazoanza kwa str, yaani strlen, strcpy, strcat, strcmp na wenzao, ni watu wa gunia jekundu, na kadhalika printf inapoambiwa ichapishe kwa alama ya %s. Jamaa ya mem, yaani memcpy, memcmp na memchr, pamoja na fwrite, read na write, ni watu wa hati, ambao huambiwa idadi na kuifuata bila kujali thamani ya baiti yoyote. Mwandishi akiandika "abc\0def" katika msimbo wake, sizeof itamwambia kuwa ameandika baiti 8, kwa kuwa mkusanyaji huongeza sifuri moja ya kumalizia, ilhali strlen itamwambia kuwa urefu ni 3. Na majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Hata kuiandika sifuri hiyo kuna mtego: mtu akitaka sifuri ikifuatwa na tarakimu 1 na 2, akaandika "\012", atapata baiti moja tu ya kukatia mstari, kwa sababu tarakimu zifuatazo mkwaju huo husomwa pamoja kama namba moja ya kizio cha nane; kwa hiyo hana budi kuigawa stringi yake vipande viwili, "\0" "12", na kumwachia mkusanyaji aviunganishe.

Mahali ambapo jambo hili huwanasa watu wengi bila wao kutambua ni katika kusoma mistari ya faili. Fanksheni ya fgets husoma baiti mpaka ikutane na mwisho wa mstari au bafa ijae, kisha huweka sifuri ya kumalizia, lakini haimwambii aliyeiita imesoma baiti ngapi. Humrudishia bafa yenyewe, na kumwacha aupime urefu kwa strlen. Ikiwa mstari una sifuri katikati, baiti zote zimo ndani ya bafa salama salimini, ila hakuna njia iliyonyooka ya kujua zinaishia wapi. Fauka ya hayo, kuna desturi iliyonakiliwa kutoka programu hadi programu kwa miaka mingi, ya kuiondoa alama ya mwisho wa mstari kwa kuandika buf[strlen(buf) - 1] = '\0'. Mstari huu huonekana hauna ila, hadi siku faili litakapokuwa na mstari unaoanza kwa sifuri: hapo strlen hujibu 0, na 0 ikitolewa 1 katika namba zisizokubali hasi huwa namba kubwa kupita zote, ambayo katika hesabu ya anwani huangukia baiti iliyo kabla ya mwanzo wa bafa, na programu huandika mahali isipopamiliki. Baiti moja katika faili la mgeni imetosha kuharibu kumbukumbu ya mwenyeji. Wapo waliobuni hila ya kuijaza bafa alama za mwisho wa mstari kabla ya kuita fgets, ili baadaye waitafute kwa memchr ile iliyoandikwa kweli. Ni hila ya werevu, lakini haihitajiki tena palipo na getline, iliyoingizwa katika kanuni za POSIX mwaka 2008, ambayo hurudisha idadi ya baiti ilizosoma, na kwa hiyo humkabidhi mwitaji hati ya nahodha.

Hadi hapa tumezungumzia programu inayojidhuru yenyewe. Hatari kubwa zaidi hutokea pale msomaji mmoja anapokuwa mlinzi na wa pili akawa mtendaji. Katika toleo la 55 la jarida la Phrack, mwaka 1999, mwandishi aliyejiita Rain Forest Puppy alieleza namna programu za Perl kwenye seva za mtandao zilivyoweza kuhadaiwa kwa njia hii: programu hupokea jina kutoka kwa mgeni, huliongezea kiambishi kama .html ili kuhakikisha kwamba hakuna faili la aina nyingine litakalofunguliwa, kisha hulipeleka jina zima kwenye mfumo wa uendeshaji. Stringi za Perl zina hesabu, na kwake jina bado linaishia kwa .html kama ilivyokusudiwa. Lakini mfumo wa uendeshaji umeandikwa kwa C, na mgeni aliyetia sifuri mwishoni mwa maneno yake amekwisha kukifuta kiambishi kile machoni pa mfumo. Lugha ya PHP ilikuwa na udhaifu huo huo, na haikuanza kuzikataa njia za faili zenye sifuri ndani yake hadi toleo la 5.3.4, la Desemba 2010, yaani zaidi ya miaka kumi baada ya hila hiyo kuelezwa hadharani.

Katika Julai ya 2009 mambo yalifika kwenye amana kubwa zaidi. Moxie Marlinspike na Dan Kaminsky, kila mmoja kwa uchunguzi wake, walidhihirisha katika mkutano wa Black Hat huko Las Vegas kwamba vyeti vinavyothibitisha utambulisho wa tovuti vingeweza kughushiwa bila kuvunja hesabu yoyote ya siri. Jina lililomo katika cheti huandikwa kwa muundo wa ASN.1, ambao hutaja urefu wake waziwazi, na kwa hiyo hukubali sifuri kama baiti nyingine yoyote. Mtu mwenye kumiliki jina la kikoa chake aliweza kuomba cheti cha jina linaloanza na jina la benki, likafuatwa na sifuri, kisha likamalizikia kwa kikoa chake mwenyewe; ofisi ya kutoa vyeti, ikilisoma jina zima, iliona kikoa cha mwisho, ikamuuliza mwenye kikoa hicho, akathibitisha, ikampa cheti kwa haki kabisa. Kivinjari nacho, kikilinganisha jina kwa fanksheni za stringi za C, kilikoma kwenye sifuri na kuona jina la benki peke yake. Hapakuwa na mwongo kati ya wasomaji hao wawili. Kila mmoja alisoma kwa desturi yake, na hitilafu ya desturi zao ndiyo iliyompatia mwizi mlango. Vivinjari vilirekebishwa, lakini mwaka 2013 kasoro hiyo hiyo ya majina ya vyeti ilipatikana tena katika Ruby, katika PHP na katika Python, jambo linaloonyesha kwamba somo hili halirithiwi; kila maktaba hulisoma upya kwa gharama yake.

Kisa cha mashine ya michezo ya Wii, iliyotengenezwa na Nintendo, chafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo hapakuwa na maandishi hata chembe. Mashine hiyo ilikuwa ikihakiki sahihi ya programu kabla ya kuikubali: ilipiga muhtasari wa SHA-1 wa baiti 20 kutoka katika programu, ikafungua muhtasari uliofichwa katika sahihi, kisha ikavilinganisha. Mtunzi alilinganisha kwa strncmp badala ya memcmp. Wachunguzi waliogundua jambo hilo, waliolitangaza mwaka 2008, waliona kwamba sahihi iliyojaa sifuri tupu, ikifunguliwa kwa hesabu ya RSA, hutoa sifuri tupu, kwa kuwa sifuri hata ikizidishwa kwa nafsi yake mara ngapi hubaki sifuri. Na strncmp, ikikuta sifuri katika baiti ya kwanza ya pande zote mbili, huzihesabu kuwa stringi mbili tupu zilizo sawa, ikaacha kuzitazama baiti 19 zilizobaki. Kilichosalia ni kuibadilisha sehemu isiyo na kazi ya programu mpaka muhtasari wake uanze kwa sifuri, na kwa kuwa baiti ina thamani 256, hiyo ni kazi ya majaribio 256 kwa wastani, ambayo kompyuta huimaliza kabla mtu hajapepesa jicho. Ulinzi ambao kwa hesabu yake ungewashinda watu wote duniani ulivunjwa kwa sababu muhtasari ulisomwa kama neno.

Ajali ya jinsi hiyo huwapata pia wanaotunza maneno ya siri. Fanksheni ya bcrypt katika matoleo mengi hulisoma ingizo lake hadi sifuri ya kwanza. Na wapo wanaolipitisha neno la siri kwanza katika SHA-256, kisha wakaupeleka muhtasari huo mbichi kwa bcrypt wakidhani wameongeza nguvu. Kwa wastani muhtasari mmoja katika 256 huanza kwa sifuri, na wote wa namna hiyo, mbele ya bcrypt, ni neno tupu lile lile, hata mtumiaji mmoja aweza kuingia kwa neno asilolijua. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuuandika muhtasari kwa herufi za kawaida kabla ya kuupeleka, lakini ni lazima mtu awe amejua kwanza kwamba maradhi yapo.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la C peke yake, kwa maana mifumo ya uendeshaji yenyewe ina mipaka ambapo desturi mbili hukutana. Katika Unix mpaka ni mmoja na uko wazi: kila njia ya faili inayopelekwa kwa mfumo ni stringi ya C, na jina la faili laweza kuwa na baiti yoyote isipokuwa sifuri na mkwaju (/). Kutokana na marufuku hayo ilizaliwa faida, kwani sifuri, ikiwa haiwezi kuwamo ndani ya jina, ndiyo mtenganishi wa pekee wa majina asiyeweza kukosewa. Ndiyo maana find hupewa -print0 na xargs hupewa -0 na watu wenye hadhari. Katika Windows kiini cha mfumo hutumia stringi zenye hesabu, ilhali tabaka la juu linalotumiwa na programu nyingi hutumia zenye sifuri ya kumalizia, na mtaalamu wa Windows Mark Russinovich alionyesha kwamba ufunguo wa rejesta uliopewa jina lenye sifuri kupitia tabaka la chini huwapo kweli lakini hauwezi kufunguliwa kwa chombo cha kawaida cha kuhariri rejesta. Ni maficho mazuri kwa programu haramu.

Mipango ya herufi nayo ina sehemu yake. UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, iliundwa makusudi ili baiti ya sifuri isionekane popote ila kwa herufi sifuri yenyewe, na kwa sababu hiyo programu za C zilizoandikwa zamani ziliweza kubeba Kiarabu na Kichina bila kuguswa. UTF-16 ni kinyume chake, kwa kuwa kila herufi ya kawaida ya Kilatini hubeba baiti moja ya sifuri, na strlen ikiupima waraka wa namna hiyo huona herufi moja au haioni hata moja. Java ilishika njia ya tatu: ndani ya muundo wake wa UTF-8 iliyogeuzwa, sifuri huandikwa kwa baiti mbili, C0 na 80, ili isiwahi kuonekana uchi mbele ya C, lakini muundo huo si halali katika UTF-8 ya kawaida, na mpokeaji asiyeukataa hujikuta amelichunguza neno lisilo na sifuri, kisha akalifasiri na kuizaa.

Sasa tuzitazame dawa, ambazo kwa hakika ni tatu. Ya kwanza ni kukataa: baiti zikiingia na urefu wake, mpokeaji huita memchr kuitafuta sifuri ndani ya urefu huo, na akiipata huirudisha barua kwa mwenyewe. Hii ndiyo njia ya Python, inayokataa njia ya faili yenye sifuri kwa kosa la wazi. Ndiyo ya Rust, ambayo CString::new yake hurudisha kosa badala ya stringi. Na ndiyo ya PostgreSQL, isiyokubali herufi sifuri katika safu za maandishi. Yafaa kwa vitu ambavyo kwa asili ni majina: njia za faili, majina ya vikoa, majina ya watumiaji. Ya pili ni kubadilisha, kama kanuni za HTTP za mwaka 2022 zinavyomtaka mpokeaji wa kichwa cha ujumbe chenye sifuri aidha aukatae au aiweke nafasi tupu mahali pake, na kama CommonMark inavyoamuru herufi ya U+FFFD ikae badala yake. Yafaa palipo na msomaji binadamu, ambapo kuupoteza waraka mzima kwa ajili ya baiti moja kungekuwa ukali usio na faida. Lakini haifai kamwe kwa majina, kwa kuwa majina mawili tofauti yaweza kugeuzwa kuwa moja.

Ya tatu ni kubeba urefu tangu mlangoni hadi mwisho, na kuziacha baiti zilivyo. Hii ndiyo njia pekee iliyo halali kwa picha, kwa muhtasari wa hesabu za siri, kwa data iliyobanwa, na kwa chochote kisicho maandishi. Gharama yake ni nidhamu, maana mtunzi aliyebeba urefu kwa fanksheni kumi kisha akaita strcpy katika ya kumi na moja amekwisha kuupoteza. Hata %.*s ya printf, ambayo hupewa idadi, huichukulia idadi hiyo kuwa kikomo cha juu tu, na bado husimama kwenye sifuri, kwa hiyo mtunzi hana budi kutumia fwrite. Hutokea pia kosa la kinyume, la kudhani kwamba strncpy ni strcpy iliyo salama kwa sababu nayo hupewa idadi, kumbe iliundwa kwa ajili ya majina ya faili ya Unix ya kale, yaliyokaa katika nafasi ya baiti 14; hujaza sifuri jina likiwa fupi, na jina likiijaza nafasi yote haiweki sifuri hata moja.

Wengi waliobobea wameichanganya njia ya tatu na desturi ya zamani: huhifadhi urefu, na juu ya hayo huweka sifuri moja baada ya baiti ya mwisho. Ndivyo zilivyo stringi za Redis alizozibuni Salvatore Sanfilippo, ndivyo ilivyo strbuf ya Git, ndivyo ilivyo std::string ya C++. Muundo huu unasifiwa kwa haki, kwani huondoa kunakili kusiko na lazima pale fanksheni ya C inapohitaji kuitwa. Ila ni hapo hapo ilipo hatari yake, kwa kuwa mtunzi hupata kirahisi kielekezi kinachofanana na stringi ya C, na hakuna kinachomkumbusha kwamba ameiacha hesabu nyuma. Anayevuka mpaka huo na alinganishe kwanza: strlen ya alichonacho ikitofautiana na urefu uliohifadhiwa, ndani mna sifuri, naye asiendelee kabla hajaamua kama atakataa au atatumia fanksheni ya jamaa ya mem.

Kinachobaki ni njia ya nne, ambayo si dawa bali ni ukimya: kuzikata baiti kwenye sifuri ya kwanza na kuendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Visa vyote vilivyotajwa hapa, cha vyeti na cha Wii, cha majina ya faili na cha maneno ya siri, ni vizazi vya ukimya huo, na kinachovikusanya ni kwamba hakuna mtu aliyeuchagua. Ulikuja wenyewe kwa kuita fanksheni iliyozoeleka. Kwa hiyo anayekagua programu ya C hahitaji kuitafuta kila sifuri. Aulize ni nani aliyezipokea baiti hizi, urefu wake aliuamua wapi, na je, kuna yeyote baada yake anayeuamua upya? Jibu likiwa kwamba urefu umeamuliwa mara moja na kufuatwa na wote, sifuri na ziwemo zitakavyo. Na likiwa kwamba umeamuliwa mara mbili, programu hiyo ina kasoro hata kama hakuna aliyewahi kuipelekea sifuri moja.